Mwaka wa pili wa uhandisi: Kizingiti kigumu kwa vijana wa kanda ya Ziwa

WAZAZI wengi katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hufanya sherehe mtoto wao anapoitwa chuo kikuu kusomea uhandisi. Mbuzi huchinjwa, majirani hualikwa, na barua ya wito hupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Ni wachache wanaojua kwamba mtihani halisi wa safari hiyo haumo katika barua ile, wala katika mwaka wa kwanza. Umo katika mwaka wa pili.

Shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka mitano. Katika mwaka wa kwanza, mwanafunzi hukutana kwa kiasi kikubwa na masomo aliyoyazoea katika shule ya upili: hisabati, fizikia, kemia na uchoraji wa ramani za vifaa. Kasi huwa kubwa zaidi, lakini sura ya masomo huwa ile ile. Katika mwaka wa tatu na kuendelea, huwa amekwisha kushika tawi lake na kuzoea lugha ya taaluma.

Mwaka wa pili uko katikati ya hali hizo mbili. Ndipo hisabati inapoacha kuwa somo la kujitegemea na kugeuka chombo cha kazi. Ndipo masomo manne au matano mapya, ambayo mwanafunzi hakuwahi kuyasikia Kidato cha Nne, yanapomwangukia kwa pamoja. Ndipo pia wengi huanza kujiuliza iwapo walichagua njia ifaayo.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria. Eneo hili limezungukwa na kazi za wahandisi, nzuri na mbaya: bandari, madaraja, kingo za mito, mitambo ya umeme, viwanda vya sukari na vyombo vya majini. Mafanikio na maafa ya kazi hizo, kwa sehemu kubwa, yanaelezwa na masomo ya mwaka huo mmoja.

SAFARI YA MBALI

Kwa miaka mingi, kijana wa Kisumu aliyetaka shahada ya uhandisi alilazimika kusafiri. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kilichotangulia, kikirithi mafunzo yaliyoanzishwa na Royal Technical College iliyofunguliwa 1956. Baadaye kilikuja Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, kilichoanzishwa 1984, na Jomo Kenyatta kule Juja, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili 1994.

Karibu zaidi na ziwa ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, yapata kilomita 50 kutoka Kisumu, kilichopata hadhi kamili 2007. Nacho Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisumu kimekuwa kikitoa mafunzo ya stashahada kwa mafundi mchundo wa umeme, mitambo na ujenzi.

Wanafunzi wa chuo kikuu hupangiwa nafasi na shirika la KUCCPS, lililochukua majukumu ya iliyokuwa Bodi ya Pamoja ya Uteuzi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Hisabati, fizikia na kemia ndiyo masomo yanayotazamwa kwanza. Hivyo basi, anayefika mwaka wa pili si mjinga. Kwa kawaida alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora shuleni kwao. Hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo, kwani wengi hukutana na kushindwa kwa mara ya kwanza maishani wakiwa na umri wa miaka 20, mbali na nyumbani.

LUGHA YA MABADILIKO

Somo linaloogopwa zaidi ni milinganyo tofautishi. Shuleni, mlinganyo humtaka mwanafunzi kutafuta nambari moja isiyojulikana. Mlinganyo tofautishi humtaka atafute jambo zima linalobadilika: jinsi tangi la maji linavyopungua saa baada ya saa, jinsi chuma chenye moto kinavyopoa, au jinsi boriti inavyopinda chini ya mzigo.

Ugumu wake si hila ya wahadhiri. Karibu kila kitu ambacho mhandisi hushughulika nacho hubadilika kwa wakati au kwa mahali. Mlinganyo unaoeleza mtikisiko wa matatu likipita juu ya tuta barabarani ndio huo huo, kwa herufi nyingine, unaoeleza mkondo wa umeme unavyoyumba ndani ya saketi. Anayeelewa mmoja amepata wa pili bila jasho. Anayekariri tu huona masomo mawili yasiyohusiana, na mzigo wake huwa maradufu.

Hapo ndipo penye siri ya mwaka wa pili. Masomo yake yanaonekana mengi, ilhali mawazo yaliyomo ni machache yanayojirudia katika mavazi tofauti.

KWA NINI MASHUA HUPINDUKA

Mfano wa kwanza unapatikana ziwani penyewe. Mnamo Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Katika visa vyote viwili, chombo kilikuwa na mzigo kupita kiasi.

Watu wengi hudhani kwamba chombo kilichojazwa kupita kiasi huzama kwa sababu ya uzito. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, katika somo la mekanika ya vioevu, hujifunza kwamba mara nyingi chombo hupinduka kabla hakijazama, na hufundishwa kukokotoa ni lini.

Kanuni yake ni hii. Uzito wa chombo na abiria hushuka kupitia kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma kwenda juu kupitia kitovu cha sehemu iliyozama. Chombo kikiinama upande mmoja, umbo la sehemu iliyozama hubadilika na msukumo wa maji huhamia upande huo. Mstari wa msukumo huo hukata mstari wa katikati ya chombo mahali panapoitwa metasenta. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, maji hukirudisha chombo wima. Ikiwa chini yake, maji hayo hayo humalizia kukipindua.

Chukua mfano wa chombo chenye umbo la sanduku, upana wake mita 2, kilichozama nusu mita. Hesabu huonyesha kwamba metasenta yake iko takriban sentimita 92 juu ya sakafu ya chini. Chombo hicho kikiongezwa mzigo hadi kizame sentimita 80, metasenta hushuka hadi karibu sentimita 82. Wakati huo huo, abiria waliokosa nafasi ya kuketi husimama, magunia hupangwa juu ya magunia, na kitovu cha uzito hupanda. Mambo mawili yaliyopaswa kutengana hukaribiana kutoka juu na kutoka chini. Kinachosalia ni wimbi dogo au abiria kukimbilia upande mmoja.

Mashua za Dunga, Usenge au Mbita hazina umbo la sanduku, lakini mwelekeo wa hesabu haubadiliki. Hesabu hiyo pia huonyesha kwamba upana ndio kinga kuu: chombo kikiongezwa upana mara mbili huku kina cha kuzama kikibaki vile vile, umbali kutoka kitovu cha msukumo hadi metasenta huongezeka mara nne. Ukurasa mmoja wa daftari la mwaka wa pili unatosha kueleza kwa nini idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa chombo si pendekezo.

UKUTA NA MAJI

Mfano wa pili uko kwenye kingo za mito. Kingo za udongo za mto Nzoia huko Budalang'i zimevunjika mara kadhaa na kuwafurusha maelfu ya watu. Nyanda za Kano nazo hufurika mto Nyando unapovunja kingo zake. Ziwa lenyewe lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likafikia tena kiwango cha rekodi hiyo Mei 2020, na kukipita 2024, likimeza nyumba, shule na fuo za kupakulia samaki.

Mkazi wa kawaida husema kwamba ukuta uliozuia maji ya mita 2 utahitaji kuongezwa nusu tu ya nguvu ili uzuie mita 3. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hukokotoa na kupata jibu tofauti. Shinikizo la maji huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka, kwa hivyo msukumo wote juu ya ukuta huongezeka kwa mraba wa kina. Maji ya mita 2 husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2. Maji ya mita 3 husukuma kwa takriban tani 4 na nusu.

Nguvu ya kuung'oa ukuta kutoka msingi wake hukua kwa kasi zaidi, yaani kwa kina mara kina mara kina. Kutoka mita 2 hadi 3, nguvu hiyo huzidi kwa zaidi ya mara tatu. Ndiyo sababu kuongeza udongo kidogo juu ya ukingo wa zamani, bila kuupanua chini, kunaweza kuwapa wakazi matumaini bila kuwapa usalama.

Kisa cha Mbita kinaongeza funzo jingine. Katika miaka ya 1980, kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na bara kwa barabara ya tuta iliyoziba mlango wa maji wa Mbita. Wakazi walipata njia ya gari. Hata hivyo, maji yaliyokuwa yakipita kati ya Ghuba ya Winam na ziwa kuu yalikosa njia hiyo, na kwa miaka mingi wavuvi walilalamikia maji yaliyotuama na magugu yaliyosongamana. Mnamo 2017, daraja lilifunguliwa mahali hapo na maji yakaanza kupita tena.

Kanuni inayohusika ni miongoni mwa za mwanzo kabisa katika somo la vioevu: kiasi cha maji kinachopita ni eneo la njia mara kasi yake. Eneo likiwa sufuri, hakuna kasi inayoweza kulifidia.

CHUMA KIWE CHINI AU JUU?

Somo la tatu ni nguvu za maada, linaloeleza jinsi vitu vinavyobeba mizigo na vinavyovunjika. Boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili ikilemewa hupinda katikati. Sehemu ya juu hubanwa, ya chini huvutwa. Saruji hustahimili sana kubanwa lakini hupasuka upesi ikivutwa. Kwa hivyo nondo huwekwa chini, mahali penye mvuto.

Katika baraza la ghorofa lililochomoza nje bila nguzo, mambo hugeuka. Hapo ni upande wa juu unaovutwa, na nondo zapaswa kuwa juu. Fundi aliyezoea kuziweka chini, akafanya vivyo hivyo kwenye baraza, atajenga kitu kinachoonekana sawa na cha jirani yake, chenye saruji na chuma kiasi kile kile, lakini chenye hatari ya kuanguka siku watu watakaposimama pale kutazama harusi.

Somo hilo pia hufunza thamani ya umbo. Boriti ikiongezwa kimo mara mbili, uwezo wake wa kubeba huongezeka mara nne, na ukinzani wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane. Ndiyo maana ubao husimamishwa kwa ubavu kwenye paa badala ya kulazwa. Maseremala wa Kibuye hulijua hilo kwa mkono. Mwanafunzi hulijua kwa hesabu, na hesabu humwezesha kulitumia katika jengo ambalo hakuna fundi aliyewahi kulijenga.

Kuna la kuongeza kuhusu udongo. Nyanda za Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Jengo lililowekwa juu yake bila tahadhari huinuliwa na kushushwa kila msimu hadi kuta zinapata nyufa. Mwanafunzi wa ujenzi huanza kuielewa tabia hiyo anapounganisha nguvu za maada na elimu ya udongo.

JOTO, BARAFU NA UMEME

Thamodainamiki, yaani elimu ya joto na kazi, huwasumbua wengi kwa sababu mambo yake hayaonekani kwa macho. Lakini ufuoni mifano imejaa. Samaki aina ya mbuta akivuliwa alfajiri huhitaji barafu kabla jua halijapanda. Kilo 1 ya barafu inapoyeyuka hufyonza joto la kutosha kupoza takriban kilo 4 za maji kutoka nyuzi 20 hadi sufuri. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa samaki ni maji, mvuvi aweza kukadiria barafu anayohitaji, kisha aongeze ya kufidia joto linalopenya kwenye sanduku. Anayebeba pungufu hupoteza bei sokoni.

Kiwanda cha sukari nacho huchoma makapi ya miwa kwenye boila ili kupata mvuke wa kuendesha mitambo. Kanuni ya pili ya somo hilo inasema hakuna mtambo unaoweza kugeuza joto lote kuwa kazi. Mvuke wa nyuzi 300 ukitumika na kutolewa ukiwa nyuzi 40, upeo ambao hata mtambo mkamilifu hauwezi kuuvuka ni takriban asilimia 45. Mwanafunzi anayelijua hilo hadanganyiki na mwuzaji wa mitambo anayeahidi maajabu.

Maji yanayoanguka hayana kizuizi hicho. Mita 1 ya ujazo ya maji ikianguka mita 100 kila sekunde hubeba uwezo wa karibu megawati 1. Mtambo wa Sondu Miriu, uliozinduliwa 2008, hutumia kanuni hiyo. Maji ya mto Sondu hupitishwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, kisha hushuka kwa bomba hadi kwenye rafadha mbili, kila moja ya megawati 30. Maji yanayotoka hapo hutumiwa tena na mtambo wa Sang'oro wa megawati 21, uliokamilika 2012. Kwa kuwa hakuna bwawa kubwa la kuhifadhi maji, uzalishaji hushuka mto unapopungua.

Mwanafunzi anayeupitia mradi huo mmoja kwa makini hukutana na masomo yake yote: vioevu kwenye handaki, nguvu za maada kwenye bomba, mitambo kwenye rafadha, saketi kwenye jenereta, na upimaji wa ardhi kwenye kila mita ya njia.

KWA NINI WENGI HUJIKWAA

Ikiwa masomo haya yana manufaa ya wazi namna hii, kwa nini mwaka wa pili huwatoa wengi jasho? Sababu ni kadhaa.

Kwanza, masomo hufundishwa mara nyingi kwa ishara na milinganyo kabla ya mifano. Mwanafunzi aliyekulia Ahero anaweza kumaliza muhula mzima wa mekanika ya vioevu bila mtu kumtajia mto Nyando. Hujifunza mabwawa ya Ulaya na Marekani kutoka vitabuni, na kudhani uhandisi ni jambo la kwingine.

Pili, masomo hutegemeana. Aliyepita kalkulasi kwa kubahatisha katika mwaka wa kwanza hulipa deni hilo katika masomo manne kwa mpigo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mwaka wa pili ufa huwa ni ule wa hisabati.

Tatu, ni suala la vifaa. Maabara chache hutumiwa na wanafunzi wengi. Kundi la watu 10 likizunguka mtambo mmoja, wawili hugusa na wanane hunakili matokeo.

Nne ni fedha. Mkopo wa bodi ya HELB ukichelewa, karo na kodi ya chumba hazingoji. Mwanafunzi wa uhandisi, ambaye ratiba yake hujaa mihadhara asubuhi na maabara alasiri, hupata shida kuliko wenzake kufanya kibarua cha kujikimu.

Tano ni aibu. Katika vyuo vingi, alama ya kupita ni 40 kwa 100. Anayeanguka masomo machache hufanya mtihani wa ziada, na anayeanguka mengi hutakiwa kurudia mwaka. Kanuni hutofautiana baina ya vyuo, lakini wanafunzi wengi huwaficha wazazi matokeo hayo. Kijana aliyechinjiwa mbuzi hawezi kwa urahisi kupiga simu nyumbani na kusema amefeli. Hunyamaza, huacha kuhudhuria mihadhara, na tatizo la somo moja huwa la mwaka mzima.

HATI ISIYO NA MUHURI

Zipo hatari zisizotokana na uvivu wala uwezo wa mwanafunzi. Nchini Kenya, shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi kisheria. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Baada ya angalau miaka mitatu ya kazi na tathmini ya kitaaluma, aweza kusajiliwa kama mhandisi kamili na kuruhusiwa kuidhinisha ramani.

Matatizo yalizuka wahitimu wa baadhi ya vyuo waliponyimwa usajili kwa sababu kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa na bodi. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Egerton walikwenda kortini, na kesi yao ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi 2018. Hiyo ni miaka ambayo mhitimu wa taaluma nyingine angekuwa ameitumia kujijenga.

Funzo kwa mzazi na mwanafunzi ni kwamba hali ya kozi yafaa kuchunguzwa mapema, na mwaka wa pili ni wakati mwafaka. Kufikia hapo mwanafunzi amekwisha kujua tawi lake, lakini bado hajatumia miaka yote mitano. Orodha ya kozi zinazotambuliwa hutolewa na bodi yenyewe. Jina la kozi lazima lilingane kikamilifu na lililoorodheshwa, kwani uhandisi na teknolojia ya uhandisi si kitu kimoja mbele ya usajili.

NJIA YA KUVUKA

Waliopitia mwaka huo kwa ufanisi hutaja mambo yanayofanana. Hawakusubiri mitihani ndipo waunde makundi ya kusoma. Waliyafanya maswali kwa mikono yao badala ya kusoma majibu ya wengine, na waliziba pengo la kalkulasi mapema, hata ikiwa ilimaanisha kurudi kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza wakati wa likizo.

Likizo yenyewe ni hazina. Mwanafunzi aliyeko Kisumu anaweza kwenda karakana za Kamas, ambako mafundi wa jua kali hukunja na kuchomea vyuma kutwa, na kutazama kwa macho yake kile kinachoitwa mkazo na mnyumbuko darasani. Anaweza kusimama bandarini na kuitazama MV Uhuru, meli iliyoanza kazi ziwani katika miaka ya 1960, au kuuliza jinsi karakana ya meli ya mji huo ilivyounda MV Uhuru II. Mji huu ulizaliwa na uhandisi, reli ilipofika 1901 mahali palipoitwa Port Florence.

Aidha, barua za kuomba nafasi ya mazoezi viwandani zafaa kuandikwa kabla ya umati. Mashirika ya maji, umeme, barabara na viwanda hupokea maombi mengi kuliko nafasi zilizopo.

Kwa wale ambao hawakupata nafasi ya moja kwa moja, milango haijafungwa. Mwenye stashahada nzuri ya chuo cha ufundi anaweza kukubaliwa na baadhi ya vyuo vikuu, pengine moja kwa moja katika mwaka wa pili. Mwanafunzi wa aina hiyo huwashinda wenzake karakanani, lakini huwa nyuma katika hisabati. Akiketi kundi moja na aliyetoka shule ya upili, kila mmoja hupata kwa mwenzake anachokikosa.

Mabadiliko pia yako njiani kwa vizazi vijavyo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026 na wanatarajiwa kufika vyuo vikuu 2029. Waliochagua mkondo wa sayansi, teknolojia na hisabati watakuwa wamebobea mapema kuliko waliowatangulia. Iwapo maandalizi hayo yatapunguza makali ya mwaka wa pili kutategemea walimu na maabara watakazozikuta.

Kwa sasa, mzazi anaweza kufanya jambo moja lisilogharimu karo: kumpigia mtoto simu katikati ya muhula wa kwanza wa mwaka wa pili na kumuuliza, bila kufoka, ni somo gani linalomsumbua. Kijana anayeweza kutaja somo hilo kwa jina bado ana muda wa kuomba msaada kabla ya mtihani. Na ukingo wa Budalang'i, mashua ya Usenge na baraza la ghorofa lijalo mjini Kisumu vinamhitaji mtu aliyelimaliza somo hilo kwa kulielewa.